Namna ya kupanga mazishi Lubumbashi, kuanzia saa ya kwanza

Kila kifo kinapoingia katika lupango (kiwanja cha nyumba), maswali ni yale yale. Tuanze hospitalini au komini (ofisi ya manispaa)? Pesa ashike nani? Sanduku linunuliwe leo au tusubiri? Upande wa mama uambiwe saa hii, usiku huu? Anayeuliza mara nyingi ni mtoto wa kwanza au wa pili wa marehemu. Jana alikuwa anapeleka uji hospitalini, leo wajomba na mashangazi wote wanamtazama yeye. Ikiwa wewe ndiye huyo, pole sana. Nimekuandikia wewe.

Maelezo haya yanafuata utaratibu wa Lubumbashi, huku Kongo (DRC). Ukiwa Likasi au Kolwezi utabadilisha machache tu. Theolojia na historia ya desturi nimeziacha, maana saa hii huna nafasi nazo. Ila shika hili tangu sasa: vilio (matanga) vingi vya mji wetu huharibiwa na mambo mawili, karatasi iliyosahaulika na pesa isiyoandikwa. Ukivishika hivyo viwili, mengine yote yana watu wa kukusaidia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kadi ya mpiga kura ya marehemu, au pasipoti yake, pamoja na ya kwako. Piga kopi kadhaa mapema.
- Karatasi moja yenye majina yake kamili, tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya baba na mama, anwani, kazi na hali ya ndoa. Kama cheti cha ndoa kipo, kiwekwe mahali salama leo hii, kwa mtu mmoja anayejulikana.
- Daftari jipya lenye jalada gumu, na kalamu mbili.
- Namba moja ya simu ya kupokea michango, iwe M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Jina linalotokea mtu akituma liwe la mtu ambaye familia inamjua.
- Pesa taslimu kidogo. Dola ziwe safi: noti yenye mpasuko mdogo pembeni itakataliwa na seremala, na dereva, na karani. Franka ziwe ndogo ndogo, maana utazihitaji kila hatua.
- Watu wanne wa kazi: mmoja wa karatasi, mmoja wa pesa, mmoja wa kaburi na sanduku, mmoja wa lupango na chakula. Wewe usiwe hata mmoja wao ukiweza. Wewe ni wa kuulizwa na kuamua, na pia una haki ya kulia.

Hatua ya 1. Pata karatasi ya daktari

Kama kifo kimetokea hospitalini, daktari aliyekuwa zamu ndiye anayeandika cheti cha kuthibitisha kifo. Usiondoke bila hicho, wala usikubali kuambiwa "rudi kesho kutwa". Soma jina herufi kwa herufi ukiwa bado mbele ya meza. Ilunga aliyeandikwa Ilonga hapa, ataendelea kuwa Ilonga komini, benki na kwenye faili la pensheni, na kumrudisha kuwa Ilunga kutawagharimu watoto wake safari nyingi.

Kama amefia nyumbani, msimwoshe na kumvalisha kwanza ndipo mwite mtu. Mwite shefu wa avenyu (mtaa) au wa kartie (kata) ajue, kisha mpelekeni hospitali yenye morge (chumba cha maiti) ili daktari amwone na kuandika.

Kama ni ajali, kipigo, kujinyonga au kifo chochote chenye shaka, polisi lazima waje kabla mwili haujaguswa, na ofisi ya mwendesha mashtaka inaweza kuuzuia kwa uchunguzi. Inauma kusubiri, lakini mkizika haraka mtafungiwa njia ya haki na ya malipo ya bima ya gari.

Na kama mhudumu wa afya anasema ni kipindupindu au ugonjwa mwingine wa kuambukiza, mfuate kwa kila neno. Msiukumbatie mwili, msiuoshe wenyewe, msilale nao nyumbani. Ndugu zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri walijifunza hili kwa machozi wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, na ndipo mazishi salama na yenye heshima yakawa kazi ya timu zilizofunzwa, familia ikishuhudia na kusali kutoka mbali kidogo.

Hatua ya 2. Mwili uingie morge

Iwe hospitali ya Sendwe, iwe Kliniki za Chuo Kikuu au kwingine, uliza mambo manne kabla ya kusaini: siku moja ni kiasi gani, malipo hayo yanajumuisha kuoshwa na dawa ya kuhifadhi au hivyo vinalipwa kando, umeme ukikatika kuna jenereta, na mwili hutolewa saa ngapi. Hilo la jenereta liulize bila aibu. Umeme wa mji mnaujua.

Mtu wa familia aingie ndani kuona mwili unapowekewa alama yenye jina, na mtu huyo huyo ndiye atakayeingia siku ya kuutoa. Miili kubadilishana ni jambo linalotokea pale ambapo hakuna aliyeangalia. Vito, pete, simu na pesa za marehemu vipokelewe na kuandikwa katika ukurasa wa mwisho wa daftari, mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa kila upande wa familia.

Hesabu siku kwa uaminifu. Kila siku ya kungoja inaongeza bili ya morge na pia sufuria za kilio. Siku tatu au nne zinatosha kwa familia nyingi. Waislamu hawana shida hii: mwili huoshwa, huvikwa sanda na kuzikwa mapema iwezekanavyo, bila sanduku kaburini, na kamati ya msikiti inajua kila hatua. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, mwone imamu saa hiyo hiyo, na sehemu kubwa ya hatua ya 8 iruke.

Hatua ya 3. Toa habari kwa mpangilio

Kwanza wazee wa upande wa baba, wa upande wa mama, na wakwe. Hawa wapigiwe simu au waendewe, wasipate habari kwenye kundi la WhatsApp. Ndipo majirani, kanisa, kazini, mutuweli (chama cha kusaidiana) ya watu wa kwao na wenzake wa likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu).

Jihadhari na kosa hili: kumwacha mjomba. Katika makabila mengi ya kusini mwa Katanga, kama Wabemba na Walamba, ukoo unafuata mama, na kaka wa mama ana neno la mwisho juu ya mwili. Kwa Waluba, ukoo ni wa baba. Ndoa za mji zimechanganya yote hayo, kwa hiyo marehemu mmoja anaweza kuwa na wazee wawili wenye haki ya kuulizwa "mbona hamkutuambia". Dakika tano za simu usiku wa kwanza zitakuokoa na saa nzima ya maneno mbele ya sanduku.

Kazini, uliza idara ya wafanyakazi wana sehemu gani katika mazishi. Kampuni nyingi, hasa za migodi, zina jambo limeandikwa katika mkataba wa pamoja: sanduku, gari, au kiasi fulani cha pesa. Ukichelewa kuuliza, mtakuwa mmeshanunua.

Hatua ya 4. Kikao cha familia

Kifanyike siku ya kwanza au ya pili asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Wawepo wawakilishi wa baba, wa mama, wa mjane au mgane, na mtoto mkubwa. Wasizidi kumi. Kikao kiamue mambo haya tu: siku na saa ya kuzika, makaburi gani, kilio kikae lupango gani, nani mwenye kilio, nani mshika pesa, na kiasi cha juu kitakachotumika.

Kiasi hicho kiandikwe. Hapa nina msimamo, nami sitauficha: hakuna sanduku lenye thamani ya ada ya shule ya watoto walioachwa. Nimeona mjane akibaki na deni la viti, la bashi (turubai) na la mabasi matatu yaliyokwenda nusu tupu, wakati wale walioshinikiza "tumzike kwa heshima" walisharudi kwao. Pangeni kwa kufuata pesa iliyopo, si michango inayosemekana itakuja. Mpangilio mzuri wa kulipa ni huu: hospitali na morge, karatasi, kaburi, sanduku, gari la maiti, chakula. Vitenge vya sare, mataji ya maua, video na spika kubwa vinakuja baada ya hivyo vyote kulipwa. Visipopatikana, marehemu atazikwa vizuri tu.

Mjane asiulizwe pesa kwenye kikao hicho. Asiulizwe funguo pia.

Hatua ya 5. Fungua daftari

Hii ndiyo kazi ambayo watu huidharau na kuijutia. Meza ndogo iwekwe penye kuonekana, karibu na mlango wa lupango, na mwandishi akae hapo na mwenzake. Ukurasa wa kushoto ni wa kuingia, wa kulia ni wa kutoka. Mistari iwe hivi:

"Jumatano, saa 4 asubuhi. Mama wa Katuba, jirani wa zamani: 20,000 FC taslimu. Shirika la Mtakatifu Ana: mfuko 1 wa unga, makala mfuko nusu. Yaya wa Kolwezi, kwa Airtel Money: dola 50."

Na upande wa pili: "Jumatano, saa 6. Seremala, malipo ya kwanza ya sanduku: dola 60. Risiti ipo. Amepeleka mwipwa."

Unga, makala (makaa), sukari, mafuta na vyakula vyote viandikwe kama pesa, maana ni deni la heshima: siku watakapofiwa wao, familia itafungua daftari hilo kujua ipeleke nini. Dola na franka (FC) zisichanganywe katika hesabu moja. Jioni, mshika pesa na mzee mmoja wahesabu, waandike jumla, wasaini. Pesa ilale kwa mtu mmoja, na mwandishi asiwe yeye.

Hatua ya 6. Karatasi za komini

Mtu wa karatasi aende na cheti cha daktari, kadi ya marehemu, kadi yake mwenyewe na watu wawili wanaomfahamu marehemu vizuri, kwani mashahidi huhitajika. Ulizeni kwanza kama ni komini ya mahali kifo kilipotokea au ya mahali alipoishi. Mtu wa Ruashi aliyefia hospitali iliyo Kampemba anaweza kujikuta anazungushwa kati ya ofisi mbili. Uliza hospitalini kabla hujapanda teksi.

Unatafuta vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya kila siku:

Kibali cha kuzika. Bila hicho walinzi wa makaburi hawafungui. Kinahitajika kabla ya siku ya mazishi.

Cheti cha kifo cha serikali, ambacho ofisa wa hali ya raia anakiandika katika rejesta. Hiki hakizuii mazishi, na ndiyo sababu hakichukuliwi. Kisha miezi inapita, benki inakitaka, CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) inakitaka kwa pensheni ya mjane na yatima, shule inakitaka, mnunuzi wa kiwanja anakitaka. Muda wa sheria ukipita, njia inayobaki ni ya mahakamani kutafuta hukumu ya kuchukua nafasi yake, na hiyo ni pesa na subira. Kwa hiyo kiombe siku ile ile unayochukua kibali, na uchukue zaidi ya nakala moja.

Kila unacholipa, omba risiti. Usimkabidhi karatasi halisi mtu anayejitolea nje ya lango kuwa "atakusaidia haraka".

Hatua ya 7. Kaburi

Mtu wa kaburi aende mwenyewe kuona mahali katika makaburi mliyochagua, akiwa na kibali au kopi yake. Aonyeshwe nafasi, aandike namba ya safu na alama ya karibu (mti, kaburi lenye msalaba wa chuma, pembe ya ukuta), na apige picha. Baada ya mwaka mmoja wa nyasi na mvua, familia nyingi hazipati kaburi lao.

Patana bei na wachimbaji kwa ujumla: kuchimba, kushusha na kufukia. Ukipatana kuchimba tu, watasimama pembeni na mikono mifukoni sanduku likiwa juu ya kamba. Shimo la mtu mzima liwe la kina cha kati ya meta 1.5 na 2, na urefu wa meta 2.2 au zaidi kidogo. Mpe mchimbaji vipimo vya nje vya sanduku, si vya mwili, pamoja na mikono yake ya chuma. Sanduku linalokwama katikati ya shimo ni maumivu ambayo watoto hawayasahau.

Masika, kati ya Novemba na Machi, shimo lichimbwe asubuhi ya mazishi au jioni iliyotangulia na kufunikwa kwa bashi, la sivyo mtakuta maji au kuta zimeanguka. Kama mnataka kumwaga zege juu, saruji, mchanga na maji vifike kabla ya msafara.

Hatua ya 8. Sanduku na nguo

Pima kwa kamba: kutoka utosini hadi kisigino, na kutoka bega hadi bega. Funga fundo kila mwisho, mpelekee seremala kamba yenyewe, naye aongeze nafasi ya sentimeta 10 hivi kila upande. Ukimwambia "ni mtu mrefu wa kawaida", atakupa lile lililosimama dukani.

Likague kabla ya kulipa malipo ya mwisho. Liinue kona moja: likilia, halitafika makaburini. Sukuma kitako kwa kiganja, hasa pale kiuno kitakapolala, maana ndipo mbao nyembamba hufichwa chini ya kitambaa cheupe cha satini. Vuta kila mkono wa kubebea kwa nguvu zako zote. Funga na kufungua kifuniko mara mbili. Rangi na vioo ni mambo ya macho, kitako ndicho kinachobeba mtu.

Nguo zifuliwe na kupigwa pasi, zifungwe pamoja: chupi, soksi, shati au blauzi, suti au libaya na kitenge, kitambaa cha kichwa, glavu kama zinahitajika. Peleka pia sabuni, taulo, mafuta na marashi aliyoyapenda. Wanaomwosha na kumvalisha wapewe cha mkono, nao wafanye kwa utaratibu.

Hatua ya 9. Lupango la kilio

Hapa mama wa kanisa na majirani wanajua kuliko mwongozo wowote. Mama wa Kipendano kwa Wametodisti, shirika kwa Wakatoliki, wanafika na sufuria zao kabla hujawaita. Wape mtu mmoja wa kuongea naye, unga wa bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), samaki au maharage, mafuta, chumvi, makala, na uwaache.

Kazi yako ni bashi, viti, maji, choo na taa. Kodi viti kwa kuvihesabu mbele ya mwenyewe wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha, ukitaja vilivyovunjika tangu mwanzo. Juni na Julai usiku ni baridi kali: wanaolala nje wapate kuni, na wazee na watoto wapate mahali ndani. Chukueni ruhusa ya shefu wa kartie kabla ya kuziba njia.

Pombe kali isiingie. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, unatosha.

Mjane akae na watu anaowaamini yeye. Awe na mlo wake, dawa zake kama anazo, na mahali pa kulala. Watoto wadogo wa marehemu wapate shangazi mmoja ambaye kazi yake ni wao tu: kula, kuoga, na kujibiwa maswali yao kwa ukweli.

Hatua ya 10. Siku ya kuzika

1. Alfajiri, mtu wa kaburi athibitishe kwa macho kwamba shimo liko tayari. Si kwa simu.
2. Mtu wa karatasi na yule aliyeona mwili ukiwekwa waende morge na risiti zote, sanduku na nguo. Mwili utambuliwe kabla ya kuvalishwa na tena kabla ya kufunga.
3. Mwili ufike nyumbani au kanisani kwa muda mliokubaliana. Weka kikomo cha kuaga na umpe mtu mwenye sauti ya upole kazi ya kukisimamia.
4. Msemaji wa familia asome maisha ya marehemu na historia ya ugonjwa. Isemwe wazi: ulianza lini, alitibiwa wapi, mwisho ulikuwaje. Uwazi huu unazima minong'ono ya uchawi kuliko hotuba yoyote. Iandikwe usiku uliotangulia, ukurasa mmoja, na isomwe kwanza mbele ya mjane.
5. Wajukuu wataziba mlango, watakaa juu ya sanduku, watadai pesa ili "bibi yetu" au "mume wetu" atoke. Watani nao watachekesha, watamwigiza marehemu jinsi alivyotembea na kugomba. Msiwakasirikie. Ni haki yao na ni dawa kwa wenye kilio. Kazi ya zile franka ndogo ndiyo hii, na mzee mmoja apatane nao.
6. Hesabu viti vya mabasi na uwape watu nafasi kwa mpangilio: familia ya karibu, wazee, wabebaji, kwaya. Wabebaji wawe sita, wenye urefu unaolingana, na wengine wawili wa akiba.
7. Kwenye kaburi maneno yawe mafupi. Msalaba wenye jina na tarehe uwe umeandikwa na kusomwa na mtu wa pili kabla ya siku hiyo.
8. Nyumbani, ndoo ya maji na sabuni iwe langoni ili kila anayerudi anawe.

Hatua ya 11. Kutosha kilio, na yanayofuata

Siku iliyopangwa ya kutosha kilio, yaani kumaliza matanga, daftari lisomwe mbele ya pande zote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na madeni. Kilichobaki kipewe mjane na watoto hapo hapo. Kisha daftari lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa na kubaki na mtoto mkubwa.

Mali isigawanywe siku hiyo. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa ambao aliwatambua akiwa hai. Robo iliyobaki ni ya kundi la pili: mjane au mgane, wazazi, na ndugu wa marehemu. Mjane anabaki na haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Hakuna baba mdogo mwenye ruhusa ya kubeba friji jioni ya mazishi, hata akisema ni desturi.

Matatizo yanayojitokeza

*Hospitali inashikilia mwili kwa sababu ya deni.* Omba fakitiri (ankara) iliyoandikwa kila kitu na uipitie mstari kwa mstari, mara nyingi kuna dawa ambazo familia ilizinunua yenyewe nje. Kisha mwone mkurugenzi au huduma ya jamii, si mlinzi wa morge. Peleka sehemu ya pesa na mtu wa heshima, kwa mfano padri, mchungaji au mwajiri, mpendekeze kusaini hati ya kukiri deni yenye tarehe za kulipa. Endeni asubuhi, na anayeongea awe mmoja.

*Pande mbili zinagombania mahali pa kuzika.* Msigombane mbele ya mwili. Wazee wawili wawili wajitenge chumbani na mtu wa kati asiye wa damu. Kama marehemu alisema alipotaka kuzikwa, aliyesikia aseme mapema, siku ya kwanza, si siku ya tatu.

*Vijana wa kartie wanataka kuuchukua msafara.* Hutokea sana marehemu akiwa kijana, hasa kukiwa na tetesi kuwa mzee fulani "amemla". Waite viongozi wao siku moja kabla, wapeni kazi halisi: kubeba, kuongoza magari, kufukia. Mzee anayetajwa asiachwe peke yake, na akiwa hatarini asisafiri na msafara. Polisi waambiwe mapema.

*Familia ya marehemu inamdai mjane malipo au desturi za kutakaswa.* Jambo lolote linalogusa mwili wake bila ridhaa yake likataliwe. Mengine yaongelewe baada ya kutosha kilio, akiwa na ndugu zake pembeni, na kwa maneno ya watu wazima.

*Pesa haitoshi na siku imefika.* Punguza mabasi kwanza, halafu chakula cha kurudi kutoka makaburini, halafu aina ya sanduku. Usipunguze wachimbaji wala karatasi. Usikope kwa riba kwa ajili ya mazishi.

*Marehemu amefia mbali.* Kwa barabara kutoka Kolwezi au Likasi, uwe na cheti cha daktari na ruhusa ya kusafirisha mwili, kopi ndani ya gari la maiti na kopi kwenye gari la familia. Kutoka Zambia, huduma ya afya ya mpakani Kasumbalesa itataka karatasi za nchi alikofia na za ubalozi au ubalozi mdogo, kwa hiyo yule ndugu aliye kule asianze safari kabla hazijakamilika. Kwa ndege, kampuni hutaka sanduku lililofungwa kwa zinki. Uliza vipimo kabla ya kulitengeneza, na usitangaze siku ya kuzika mpaka mwili uwe umefika Lubumbashi.